Je, fedha za serikali huwafanya watu wazae zaidi?

Wengi nchini Uganda wameamini kwa muda mrefu kwamba serikali ikiwasaidia wazazi kwa fedha, watu watazaa ovyo ili wazipate. Hofu hiyo inaeleweka, kwani kodi hutoka mifukoni mwetu sote.

Hata hivyo, ada za shule za msingi zilipofutwa mwaka 1997, mwanzoni kwa watoto 4 wa kila familia, wastani wa watoto kwa kila mwanamke, uliokuwa karibu 7, haukupanda. Kufikia 2022 ulikuwa umeshuka hadi takriban 5.2, ingawa hapo elimu ya wasichana na uzazi wa mpango navyo vilichangia. Korea Kusini huwalipa wazazi, na bado mwaka 2023 wastani wake ulikuwa chini ya mtoto 1.

Anayetaka kujihakikishia na alinganishe ripoti za kitaifa za idadi ya watu na afya, za kabla na baada ya msaada, kisha aketi na mzazi wa shule hiyo ya “bure” wahesabu sare, madaftari, kalamu na uji wa saa nne. Sidhani kama ataona faida. Kama serikali itoe fedha hizo au isitoe, hilo ni swali jingine, la bajeti na la haki.