Mita 60 za Kingo za Mto Hazina Chama

Malalamiko kuhusu katazo la kulima ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito yamebadilika sura. Zamani mkazi wa kando ya mto Rau au Weruweru alibishia kipimo. Siku hizi anauliza kwanza: hili ni la chama gani?

Si la chama chochote. Mita 60 zimo kwenye kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inazitaja. Diwani hawezi kuzifanya 30 kwa sababu aliahidi hivyo jukwaani. Hupimwa kuanzia ukingoni, si katikati ya maji, na kila upande una 60 zake. Penye mteremko, tepu ishikwe mlalo hewani, vipande vifupi vifupi, isilazwe juu ya ardhi. Ukiilaza, eneo la hifadhi linapungua, na jirani wa ng'ambo atadai umependelewa.

Sheria mama inakataza. Sheria ndogo ya kijiji ndiyo inayosema nani alinde chemchemi, mfongo (mfereji wa asili wa maji) usafishwe lini na mifugo inyweshwe wapi. Halmashauri ya kijiji huandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji huijadili, kisha rasimu na muhtasari hupelekwa halmashauri ya wilaya kupitia ofisi ya kata. Hadi madiwani waidhinishe, hayo ni makubaliano ya ujirani tu, na faini itakayotozwa si halali. Wakazi wa Manispaa ya Moshi na Jiji la Arusha: mtaa hautungi sheria ndogo. Tumelisema hili mara nyingi.

Mambo hukwama kwenye mkutano mkuu. Nchi yetu haina mgombea binafsi, kwa hiyo mwenyekiti yeyote wa kijiji amepita kwa tiketi ya chama, na wasiomchagua huuona mkutano wake kuwa wa kichama. Wanasusa. Rasimu inapita kwa mikono ya upande mmoja, na msimu unaofuata waliosusa wanapanda mchicha hadi majini, wakisema hawakuulizwa. Mwenyekiti mwenye busara hupeleka rasimu mapema kwa viongozi wa vyama vyote vyenye matawi kijijini, na kamati ya mazingira huchanganya watu wao. Mkutano ufanyike ofisi ya kijiji au shuleni, si kwenye tawi, na kofia na fulana za chama zibaki nyumbani. Mkazi mwenye umri wa miaka 18 na akili timamu ni mjumbe halali. Hakuna wa kumdai kadi mlangoni. Mahudhurio yasainiwe kwa jina na kitongoji, kwa sababu muhtasari usio na orodha hiyo ndio wa kwanza kupingwa.

Wapo wanaodai adhabu nazo huangalia rangi ya fulana. Chukua mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Kukutwa nayo ni faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Kuiuza ni 100,000 hadi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Hakuna aya inayosamehe makada. Faini, iwe ya mfuko au ya mto, ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali na risiti itolewe. Mjumbe wa kamati anayepokea fedha mkononi anajikusanyia zake, awe wa chama tawala au wa upinzani.

Vyama kuungana kwa ajili ya maji si jambo geni. Mwaka 1972 Rais Nixon wa Marekani, wa Republican, aliikataa sheria ya maji safi kwa kura ya turufu. Wabunge wengi wa chama chake wakaungana na wa Democratic kuipitisha hivyo hivyo, kura 247 kwa 23 Baraza la Wawakilishi na 52 kwa 12 Seneti. Leo vyama hivyo hivyo vinavutana karibu kila jambo la mazingira.

Huku kwetu nako maji hayajui chama: ya mito Kikuletwa na Ruvu hukutana bwawa la Nyumba ya Mungu kabla ya kufika mitambo ya umeme ya Hale. Anayepinga alama za mita 60 zilizowekwa shambani kwake aanze kwa mtendaji wa kijiji. Asiporidhika, aandikie Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, Moshi. Barua itaje kijiji, kitongoji, jina la mto na upande wa ukingo. Chama cha jirani yako hakihitajiki humo.