Mkojo Kukutoka Ukikohoa Si UTI Sugu

Nikikohoa au nikicheka, mkojo unanitoka. Nina nini?

Misuli inayobeba kibofu na kubana njia ya mkojo imelegea. Huletwa na uzazi, kukoma hedhi, unene, kikohozi kisichoisha na choo kigumu. Hapa Moshi wengi ninaowaona wamezaa watoto wanne, watano, na bado wanabeba mikungu ya ndizi hadi sokoni.

Duka la dawa waliniambia ni UTI sugu, yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyoisha, wakanipa Cipro, antibiotiki.

Mkojo walipima? Mama mmoja alinifungulia pochi, zikatoka karatasi nne za vidonge, kila moja ya duka lake. Kipimo hakuna hata kimoja. Ndani ya chupi, kipande cha khanga kimekunjwa mara tatu. UTI kwa kawaida huchoma, na haja huja kila saa. Antibiotiki huua bakteria, haikazi misuli.

Nikirudia dozi?

Hapana.

Hata ya sindano?

Hapana, mama! Siku UTI ya kweli ikija, dawa hizo huenda zisifanye kazi tena.

Basi dawa yake ni ipi?

Kwanza mazoezi. Bana kama unayezuia upepo usitoke, kisha achia. Mara nane, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu. Nimesema miezi, si siku.

Kidonge kipo, duloksetini, ambacho pia ni dawa ya sonona. Huongeza nguvu ya kubana njia ya mkojo. Ulaya kiliruhusiwa kwa tatizo hili mwaka 2004. Marekani hakijaidhinishwa kwa kazi hiyo. Hupunguza kuvuja tu, wengi huwapa kichefuchefu, na hakikatishwi ghafla. Kwa hiyo ni cha kuandikiwa na daktari. Aliyekoma hedhi na ana ukavu ukeni anaweza kusaidiwa na krimu ya estrojeni. Shoga yako akikupa oksibutinini yake, mwachie mwenyewe: ni ya mkojo unaobana ghafla kabla hujafika chooni.

Natumia dawa za presha. Zinahusika?

Huenda. Kaptopril na enalapril huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, na kila kikohozi ni tone. Prazosini hulegeza njia ya mkojo. Njoo nazo zote, usiziache mwenyewe.

Nipunguze maji?

Ukijinyima maji, choo kinakuwa kigumu, unakenya, misuli inazidi kulegea.

Nimejifungua wiki iliyopita kwa uchungu wa siku mbili. Mkojo unatiririka hata nikilala.

Hiyo ni habari nyingine kabisa. Inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Nenda hospitali leo. Mpira wa mkojo ukiwekwa mapema, tundu dogo huweza kujifunga lenyewe bila upasuaji. Usingoje siku za uzazi ziishe ndani, leo, mama. Mtori utaunywa ukirudi.