Orodha ya kazi kwenye faili la maandishi: dhana potofu kuhusu kuisawazisha kati ya simu na kompyuta

Ukimwambia mtu kwamba kazi zako zote umeziorodhesha kwenye faili moja la maandishi, linalofunguka kwa Notepad kwenye kompyuta na kwa programu ndogo ya bure kwenye simu, atakwambia hayo ni mambo ya waandika programu. Au atakwambia alishajaribu, orodha ikavurugika, akaacha. Wa pili ndiye ninayemwandikia zaidi, kwa sababu kilichomkwamisha kwa kawaida ni dhana fulani kuhusu kusawazisha, yaani namna faili linavyosafiri kutoka kifaa kimoja hadi kingine ili vyote viwe na toleo lilelile, na dhana hiyo inarekebishika.

Dhana: Maandishi matupu hayabebi tarehe, vipaumbele wala makundi ya kazi

Yanabeba, tangu mwaka 2006, Gina Trapani, mwandishi wa teknolojia wa Marekani, alipoanzisha utaratibu wa todo.txt. Kila kazi ina mstari wake. Herufi kubwa ndani ya mabano ni kipaumbele, alama ya + ni mradi, @ ni mahali au kifaa kinachohitajika, na kazi iliyokwisha huanza na x ndogo. Fundi cherehani mwenye oda ya sare za shule anaweza kuwa na hivi:

(A) 2025-03-03 Lipa ada ya shule +watoto @benki due:2025-03-14
(B) 2025-03-06 Nunua uzi mweusi na zipu +sare @kariakoo
x 2025-03-08 2025-03-05 Mpigie mwalimu kuhusu vipimo +sare @simu

Hiyo due: haimo kwenye kanuni za msingi, ni nyongeza ambayo programu nyingi zinaielewa. Tarehe huanza na mwaka kwa sababu nzuri: kompyuta ikipanga maandishi kwa alfabeti, siku nazo zinajipanga. Ukiandika kwa mtindo wetu wa kila siku, 10/12/2025 itakaa juu ya 2/1/2025. Kwenye Android, Markor na Simpletask zote zinausoma utaratibu huu.

Dhana: Kusawazisha kunakula bando

Karibu kila herufi tunayoandika kwa Kiswahili huchukua baiti moja, kipimo kidogo cha data. Kazi ya herufi 60 ni baiti 60, na kazi 1000 za namna hiyo ni kama kilobaiti 60, pungufu ya picha nyingi zinazozunguka WhatsApp. Tena Syncthing, programu huria ya kusawazisha mafaili iliyoanza mwaka 2013, haihitaji intaneti vifaa vikiwa kwenye Wi-Fi moja. Vinatafutana vyenyewe na kupeana faili moja kwa moja.

Dhana: Nikishaweka Dropbox au Google Drive kwenye simu, faili limo kwenye simu

Dropbox na Google Drive hutunza mafaili mtandaoni. Unachokiona kwenye simu ni majina ya mafaili. Faili lenyewe hushushwa unapolifungua, isipokuwa kama uliliwekea alama lipatikane hata bila mtandao. Iweke alama hiyo leo, kabla hujajikuta sokoni bila bando.

Dhana: Nikibadilisha huku na kule, programu itaunganisha

Hii ndiyo inayovunja watu moyo, kwa hiyo tuitazame kwa karibu.

Syncthing na Dropbox huliangalia faili kama kitu kizima. Hazijui kwamba mstari wa tatu ni zipu na wa tisa ni ada. Sasa fundi wetu yuko kwenye daladala asubuhi na kompyuta yake imezimwa dukani. Anaongeza mistari miwili kwenye simu. Akifika anawasha kompyuta, na kabla vifaa havijaonana anafuta kazi moja na kuhifadhi. Tayari kuna matoleo mawili, na kila moja lina jambo ambalo mwenzake hana. Syncthing huliachia jina la todo.txt lile lililobadilishwa karibuni zaidi. Lile jingine hulipa jina la namna hii:

todo.sync-conflict-20250310-081542-K7QX2BD.txt

Mistari ya kwenye daladala imo humo, mizima kabisa. Asiyejua huona faili geni lenye jina refu, hulifuta ili folda iwe safi, na hapo ndipo kazi zinapopotea kweli. Ukiliona, lifungue sambamba na todo.txt, nakili mistari inayokosekana, kisha ndipo ulifute. Na kwa kuwa mshindi huchaguliwa kwa saa, hakikisha simu na kompyuta zote zimewekwa zichukue saa zenyewe kutoka mtandaoni.

Kuna hatari nyingine ya kimya zaidi, ambayo sijaona ikielezwa vya kutosha. Umefungua todo.txt kwenye kompyuta asubuhi ukaliacha wazi. Mchana simu imeleta mistari mipya, nayo imeingia kwenye diski. Jioni unarudi kwenye dirisha lile la asubuhi, unaongeza neno, unahifadhi. Mistari ya mchana imefunikwa, na safari hii hakuna faili la mgongano, lile lenye sync-conflict kwenye jina, kwa sababu kwa Syncthing hayo ni mabadiliko ya kawaida juu ya toleo jipya. Programu nyingine za kuandikia hukuonya kwamba faili limebadilika, nyingine hazisemi chochote. Funga faili ukimaliza, kila mara.

Ninaloshauri kwa nguvu zaidi ni kutenganisha mafaili. Simu iwe na faili lake, tuseme simu.txt, ambalo simu peke yake ndiyo inaongeza mistari. Ukikaa kwenye kompyuta, hamishia mistari hiyo kwenye todo.txt vifaa vikiwa vimeshaonana. Migongano inapungua mno.

Hakikisha pia simu haiiui Syncthing. Simu nyingi za Android husimamisha programu zinazofanya kazi chinichini ili kutunza betri, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya betri uiondolee kizuizi hicho. iPhone ni kali zaidi: zoea kuifungua programu ya kusawazisha na kusubiri imalize kabla hujaandika lolote.

Dhana: Syncthing ya Android imekufa

Kilichosimama, Desemba 2024, ni programu rasmi ya Android. Kazi iliendelezwa na wengine kwa jina la Syncthing-Fork. Syncthing ya kompyuta haikuguswa.

Dhana: Faili likishasawazishwa, nimeshapata nakala rudufu

Hapana. Kusawazisha ni kutii, na kufuta nako ni amri. Mtoto akichezea simu akafuta mistari yote, baada ya sekunde chache kompyuta nayo itakuwa na faili tupu.

Syncthing ina sehemu ya kutunza matoleo ya zamani, ambayo huwekwa kwenye folda ndogo iitwayo .stversions. Wengi huiwasha upande mmoja wakatulia. Lakini toleo la zamani hutunzwa tu pale badiliko linapotoka kwenye kifaa kingine. Ukikosea kwenye kompyuta, nakala nzuri itabaki upande wa simu, kama huko nako umewasha. Kwa hiyo washa pande zote mbili. Zaidi ya hapo, kila wiki nakili faili kwenye flashi na uweke tarehe kwenye jina lake.

Dhana: Maandishi ni maandishi, yatasomeka sawa popote

Kwa sisi tunaoandika Kiswahili, hapa pana tatizo ambalo miongozo mingi hailigusi: ile alama ya kwenye ng'. Kibodi ya iPhone, alama janja (zinazobadilisha alama zenyewe unapoandika) zikiwa zimewashwa, huigeuza kuwa iliyopinda. Unaandika ng'ombe kwenye kompyuta na ng’ombe kwenye simu. Kwa jicho lako ni neno lilelile, lakini ukilitafuta kwenye faili huenda ukapata nusu ya mistari. Hiyo iliyopinda huchukua baiti tatu kwa UTF-8, utaratibu wa kisasa wa kuhifadhi herufi, na programu inayosoma kwa mfumo wa zamani wa Windows itakuonyesha ngâ€™ombe. Zima alama janja kwenye simu, na kila unapohifadhi chagua UTF-8. Notepad ya Windows 10 huichagua yenyewe tangu 2019.

Kibodi za simu pia hupenda kuanza mstari kwa herufi kubwa. Ukiweka X badala ya x, programu itaihesabu kazi hiyo kuwa bado haijafanyika. Na ukikuta kwenye kompyuta ya zamani mistari yote imeungana kuwa mmoja, faili halijaharibika: Notepad za kabla ya mwishoni mwa 2018 hazikuitambua namna simu inavyomaliza mstari. Lifungue kwa programu nyingine.

Dhana: Faili ni langu, basi ni siri

Njiani, kati ya kifaa na kifaa, Syncthing husimba kila kitu, yaani hukigeuza kisisomeke na mwingine. Likishafika, faili ni maandishi wazi ambayo yeyote mwenye simu yako mkononi anayasoma. Namba ya siri ya M-Pesa au ya benki isikae humo. Simu ikiibiwa, kuiondoa kwenye Syncthing ya kompyuta kunazuia mabadiliko mapya yasiifikie, lakini hakufuti yaliyokwisha kufika. Kinachoyalinda hayo ni kufuli la skrini uliloliweka kabla.