Je, wajua? Kompyuta inajuaje kama umeelewa au umebahatisha tu

Chukua pepa ya maswali 40 ya kuchagua, kila swali lina A mpaka D. Mtu ambaye hajasoma kabisa, akiweka tiki popote kama anacheza ana ana ana do, kwa wastani anaondoka na maksi 10 za bure. Sasa mwenzake kapata 22, je anajua 22 kweli, au anajua 16 na zile sita kapewa na bahati? Karatasi haiwezi kukwambia, inaonyesha tiki zilipoishia, basi. Watu wengi wakisikia data kwenye elimu wanadhani ni mambo ya kusahihisha haraka, lakini hiyo ni kazi ya zamani mno, IBM walikuwa na mashine ya kusoma alama za penseli tangu 1938. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi programu inaangalia na safari ya mwanafunzi kufika kwenye jibu.

Mzizi wake ni mtakwimu mmoja wa Denmark, Georg Rasch, ambaye mwaka 1960 alitoa kitabu chenye wazo rahisi tu: kila swali lina ugumu wake, kila mtu ana uwezo wake, na vyote viwili unaweza kuvipima kwa rula moja. Kwa hiyo mtu akipata maswali magumu kibao halafu akakosa yale mepesi, hapo kuna kitu hakijakaa sawa. Mitihani kama GMAT (wa kuombea kusoma shahada za juu za biashara) na Duolingo English Test (wa kupima Kiingereza) inatumia wazo la ukoo huo huo, ukipata swali linalofuata linakuwa gumu zaidi, ukikosa linashuka, mpaka mashine ijue kiwango chako kiko wapi.

Ila mimi kinachonifurahisha zaidi ni kile walichofanya Albert Corbett na John Anderson wa chuo cha Carnegie Mellon, Marekani, mwaka 1995. Wao walisema jibu moja halithibitishi chochote, kwa sababu anayejua anaweza kuteleza na asiyejua anaweza kubahatisha, kwa hiyo tuviingize vyote kwenye hesabu. Twende na mfano wangu: tuseme kabla ya swali programu inaamini kwa 40% kwamba mtoto anajua kujumlisha sehemu, uwezekano wa kubahatisha ni 25%, wa kuteleza 10%. Akipata, imani inapanda mpaka kama 71%. Akipata tena, 90%. Lakini angekosa lile la kwanza ingeporomoka mpaka kama 8%, yaani kukosa kunasema mengi kuliko kupata, maana anayejua huwa hatelezi ovyo (na hapo hatujaweka namba nyingine, ile ya kwamba mtoto anaweza kuelewa hapo hapo akiwa anafanya). Programu zao za kufundishia zilikuwa hazikuruhusu kuvuka mada mpaka ufike 95%. Kwa hiyo ukiona kwenye simu ya mwanao imeandikwa "80%", uliza kwanza, ni 80% ya maswali aliyopata, au ni programu inavyokadiria kwamba anajua? Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kuna na muda. Swali la kusoma sekunde 20 limejibiwa kwa sekunde mbili, huyo hajasoma, hata kama kapata. Na wanafunzi nao wajanja bwana, mtafiti Ryan Baker na wenzake mwaka 2004 walionyesha kuna watoto wanabonyeza msaada, msaada, msaada mpaka jibu litokee lenyewe, wanamaliza zoezi vizuri tu ila wanajifunza kidogo kuliko wenzao. Kwenye karatasi huyo angeonekana kafaulu!

Hata PISA, ule upimaji wa kimataifa wa vijana wa miaka 15, mwaka 2012 uliweka swali la kiyoyozi kipya kisicho na maelekezo, kina vidhibiti vitatu, utafute kipi kinabadili joto na kipi unyevunyevu. Kompyuta ilirekodi kila kilichosogezwa. Waliosogeza kimoja kimoja, vingine wakaviacha vitulie, walifanya vizuri hapo na kwenye maswali mengine pia.

Lakini mashine isipewe kila kitu. Kati ya 2017 na 2019 mkoa wa Tanga kulikuwa na shindano la Global Learning XPRIZE, la kutafuta programu bora ya kumfundisha mtoto kusoma, watoto karibu 3,000 kwenye vijiji kama 170 walipewa tableti zenye masomo ya Kiswahili kwa miezi 15, na mwanzoni zaidi ya 90% hawakuweza kusoma hata neno moja. Mwishoni idadi hiyo ilishuka kwa nusu, na zawadi ya dola milioni 10 wakagawana timu mbili zilizotengeneza programu, onebillion na Kitkit School. Sasa angalia walivyopima: pamoja na tableti zote zile, washindi hawakupatikana kwa maksi za ndani ya programu, watu walikaa na mtoto mmoja mmoja wakamwambia asome silabi, maneno, kahadithi kafupi, halafu wakamuuliza maswali. Mimi nakubaliana nao kabisa, kwa sababu programu inayofundisha ikijipimia yenyewe inaweza kuwa inapima tu jinsi mtoto alivyoizoea yenyewe.