Picha za Unguja kwa siku mbili: tazama mwezi kabla ya ramani

Wageni wengi huchagua ufuo kwa picha walizoziona mtandaoni, wakifika wanakuta bahari imeondoka. Pwani ya mashariki ya Unguja, maji yakipwa unaweza kutembea zaidi ya kilomita moja kabla ya kufika yalipo. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kama mita moja.

Mwenye siku mbili tu namshauri alale Michamvi, kama saa moja na nusu kwa gari kutoka Mji Mkongwe. Ni rasi nyembamba: Pingwe inatazama mashariki, Kae inatazama magharibi kwenye ghuba ya Chwaka. Jua linachomoza upande mmoja na kuzama upande wa pili, na katikati ni mwendo mfupi wa bodaboda. Hakuna mlima wa kupanda. Asiyeweza kutembea sana apite kwenye mchanga uliotoka majini sasa hivi, ni mgumu. Ule mkavu wa juu unazamisha miguu. Nungwi, kule ncha ya kaskazini, ni nzuri, lakini kukata kisiwa kizima kunakula mwanga wa jioni nzima.

Sasa tarehe. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapa hujaa kati ya saa 10 na saa 11, alfajiri na jioni, na hupwa kati ya saa 4 na saa 5. Kila siku yanachelewa kwa wastani wa dakika 50. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanakuja siku yenyewe ya bamvua, maji yanapwa saa 4 asubuhi jua limeshakuwa kali. Mimi ningechagua tarehe 3 au 4, ama 17 au 18 za mwezi wa Hijria. Siku hizo maji yamejaa karibu na macheo, yanapwa mchana, yanajaa tena karibu na machweo. Kadirio hilo lihakikishe kwenye jedwali la maji, na uangalie kama limeandikwa kwa saa za Afrika Mashariki; mengine ni ya Greenwich, saa 3 nyuma.

Alfajiri nenda Pingwe, kwenye ule mwamba wenye mgahawa juu yake. Maji yakijaa unazungukwa na bahari. Yakipwa unafikika kwa miguu na picha inakuwa ya mawe na mchanga. Fika nusu saa kabla ya jua. Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, kwa hiyo mwanga laini haudumu zaidi ya nusu saa baada ya macheo. Dala dala za saa hiyo usizitegemee. Patana na dereva usiku.

Kwenye kamera anza na tundu la lenzi f/11, wepesi wa kuhisi mwanga ISO 100, na shata (muda wa kuingiza mwanga) nusu sekunde ili wimbi linaloteleza liache michirizi. Mchanga mweupe huidanganya kamera, ikadhani mwanga umezidi na kutoa picha ya kijivu. Ongeza fidia ya mwanga +0.7, kisha kagua histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini.

Mchana, maji yakipwa, teremka kwenye mashamba ya mwani ya Paje au Jambiani. Filta ya polaraiza huondoa mng'ao, na safu za kamba na vigingi zinaonekana chini ya maji. Akina mama wako kazini pale: toa shikamoo, omba ruhusa kabla ya kuinua kamera, na usikanyage kamba. Vaa viatu, matumbawe yanakata. Ikifika saa ya mwisho wa kupwa, geuka urudi, maana maji hujaza kwanza mabonde ya mchanga yaliyo nyuma yako wakati wewe bado umesimama pakavu.

Jioni Kae. Mikoko inapendeza maji yakiwa kwenye mizizi. Yakishuka unabaki na tope.

Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusi huvuma upande wa mashariki na kutikisa tripodi. Ishushe, bonyeza miguu yake mchangani mpaka ikatae kuzama, ndipo upige. Ukilala chumba chenye kiyoyozi, toa begi la kamera nje likiwa limefungwa dakika 30 kabla ya kupiga picha, la sivyo lenzi itaingia ukungu na macheo yatakupita ukiifuta. Usiku fungua maungio ya tripodi uyaoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Mchanga ukikaukia ndani, asubuhi mguu hautavutika.