Je, wajua kwa nini mamba wa Abdilatif lazima afe?

Ukifungua diwani ya Sauti ya Dhiki, kifo hakikai mbali. Mtunzi wake, Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1946, aliandika mashairi hayo gerezani kati ya 1969 na 1972, mengine kwenye karatasi za chooni. Kosa lake lilikuwa kijitabu kiitwacho “Kenya: Twendapi?”, kilichoishutumu serikali ya Jomo Kenyatta.

Ungetarajia mfungwa ajililie. Yeye kifo anakipa kazi nyingine.

Chukua “Mamba”. Mnyama yuko mtoni, ajigamba, adhani ataishi milele. Malenga hamrushii mkuki. Amkumbusha tu kwamba siku yake ikifika, roho itamtoka. Tazama mshororo ulivyokatwa: “Kuna mamba, mtoni metakabari”. Mizani, yaani silabi, 4, kisha 8, na hivyo hivyo hadi tamati. Kipande kifupi chabisha hodi, kirefu chaingia na habari yenyewe. Mtawala hatajwi popote, na mtunzi anatangaza tangu mwanzo kwamba amelifumba, afumbue awezaye. Wamvita, yaani watu wa Mombasa, hawakuwa wageni wa mchezo huo; malenga wao Muyaka bin Haji aliwasema wakubwa kwa mafumbo zaidi ya karne moja kabla yake. Kwa mnyonge, basi, kifo hicho ni bishara: dhalimu naye ana mwisho.

Halafu soma “Usiniuwe!” Humo asemaye ni mtoto aliye tumboni, amsihi mamake asimtoe. Wengi hulichukua kuwa shairi la kukemea utoaji mimba, na ndilo. Lakini liweke kando ya “Mamba” uone: huyu mmoja ameishi hata akasahau kufa, mwingine anaomba tu aanze. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ulipo uhai mpya katika tungo hizi. Haufufui wafu; unadai nafasi kwa asiyezaliwa.

Wala tungo hizi hazisemi kwamba mamba akifa mto husafika. Kenyatta alifariki papa hapa Mombasa, tarehe 22 Agosti 1978. Wakati huo Abdilatif alikuwa Dar es Salaam, alikohamia baada ya kutoka kifungoni, na diwani yake ilikuwa imeshatunukiwa, mwaka 1974, tuzo ya fasihi yenye jina la Kenyatta huyo huyo. Hakurudi nyumbani kuishi. Mwaka 1979 alielekea London, akatangaza katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC.