Digrii ya biashara kwa mtu wa IT anayetaka konsaltansi: inasaidia wapi hasa?

Kwenye kitengo chetu cha ushauri wa masomo swali hili halikauki. Mtu yuko vizuri kwenye mifumo, databesi anazijua, seva anazijua, kakaa kazini miaka kadhaa, sasa anataka kuingia konsaltansi ya teknolojia, yaani kazi ya kushauri makampuni kuhusu mifumo yao, na anauliza, nikasome biashara au ntapoteza muda na ada tu? Inasaidia, ila mara nyingi inasaidia sehemu ambazo muulizaji hakuzifikiria kabisa.

Tuchukue kisa kinachojulikana. Lidl, ile kampuni ya supamaketi ya Ujerumani, mwaka 2011 walianza mradi wa kuhamia mfumo wa SAP, yaani programu ya kuendeshea shughuli za kampuni kama stoo na hesabu, wakaja kuufunga 2018 baada ya kuteketeza kiasi kilichokadiriwa kama yuro milioni 500. Sababu mojawapo iliyotajwa sana ni kitu ambacho mwanafunzi wa uhasibu anakutana nacho mapema tu: Lidl walizoea kuthaminisha mzigo wa stoo kwa bei ya kununulia, mfumo ule kwa kawaida yake ulitumia bei ya kuuzia, wenyewe hawakutaka kubadili utaratibu wao, basi mfumo ukaanza kukatwakatwa na kushonwa upya ili uwatoshe, na kila ukishona unaongeza gharama na matatizo.

Sasa angalia ilivyo. Una bidhaa 1,000 stoo, umenunua kila moja kwa 60, unauza 100. Kwa hesabu ya kwanza stoo ina 60,000, kwa ya pili ina 100,000, na mzigo ni uleule haujasogea hata inchi. Mtu wa programu anaona safu moja kwenye jedwali imeandikwa bei, anabadilisha anaenda kula. Aliyesoma uhasibu anashtuka hapohapo, maana hiyo 40,000 ya tofauti inaweza kugusa hesabu za faida, ripoti za kila mwezi, hata namna meneja wa tawi anavyopimwa kazi yake, na ukigusa kinachompima mtu jiandae kwa vita.

Kingine ni lugha ya mkurugenzi wa fedha, huyu ndo anasaini hela. Mfano, mteja anachagua kati ya kununua seva kwa 500,000 leo zitumike miaka 5, au kukodi huduma ya wingu, yaani kutumia seva za kampuni nyingine kupitia mtandao, kwa 120,000 kila mwisho wa mwaka. Haraka haraka unasema kukodi ni 600,000 kwa hiyo kununua ni nafuu. Lakini kama mtaji wa kampuni unaigharimu asilimia 12 kwa mwaka, hela ya kulipa baadaye ina uzito mdogo kuliko ya kulipa leo, na yale malipo matano ukiyarudisha kwenye thamani ya leo yanakuwa kama 432,600 tu, yaani kukodi ndo nafuu, na hapo hatujagusa umeme wala mishahara ya wanaozitunza hizo seva. Hesabu yenyewe siyo ngumu ila asiyeijua ataingia mkutanoni kusifia kasi ya mashine wakati wenzake wanaongelea hela inatoka lini.

Na wala siyo ajabu, konsaltansi ya teknolojia kwa sehemu kubwa imelelewa na wahasibu. Miaka ya 1950 kampuni ya uhasibu ya Arthur Andersen ndo iliisaidia General Electric kuweka mishahara kwenye kompyuta ya UNIVAC, na lile tawi lake la ushauri baadaye likajitenga, tangu 2001 linaitwa Accenture.

Kuhusu kupanda vyeo, ngazi zinatofautiana majina ila mwendo ni mmoja. Chini unachambua data na kuandika mahitaji ya mfumo, katikati unasimamia timu na bajeti, juu kabisa kazi yako kubwa ni kuleta wateja. Wengi wa IT wanakwama katikati, maana hapo unaulizwa tuchukue kazi hii kwa bei moja ya kazi nzima au kwa saa? Bei moja ya kazi nzima ukikadiria vibaya hasara ni yenu, ya saa mteja ndo anabeba, na kila upande unavutia kwake. Mzuri wa mifumo asiyejua kukadiria hatari anaweza kumaliza kazi safi kabisa na kampuni yake ikapata hasara.

Ila jamani, digrii haitakufundisha kutafuta kosa kwenye mfumo saa nane usiku. Kuna wanaosoma biashara wakaacha kabisa kugusa data, baada ya muda wanabaki watu wa prezentesheni nzuri na wateja wanawashtukia mapema sana. Endelea kuandika SQL yako, ile lugha ya kuulizia data kwenye databesi, hata kama siyo kila siku.

Kama tayari una kazi, uliza kwanza kama mwajiri analipia masomo, wapo wanaolipa kwa sharti la kubaki kwao muda fulani, hilo sharti lisome vizuri. Kama huna uzoefu, chuo ambacho kampuni za ushauri zinakuja kuajiri kinakufaa zaidi kuliko chenye jina kubwa tu. Halafu kabla ya ada omba orodha ya masomo: uhasibu wa gharama, fedha, uendeshaji, mikataba, tabia za watu kazini. Ukikuta nusu yake ni masoko na uongozi wa jumla jumla, fedha kasomo kamoja tu, kaulize chuo kingine.